Safari ya Neno "Smart": Kutoka Kiboko hadi Simu Janja

Katika kipindi cha tafsiri, nikiwa mwaka wa pili chuoni, mwalimu wetu aliandika ubaoni sentensi moja fupi ya Kiingereza: "She is a smart girl." Akatupa dakika mbili tuitafsiri kwa Kiswahili. Sentensi ya maneno matano, nani angeshindwa? Lakini majibu yaliposomwa, ilikuwa kana kwamba tulipewa sentensi tatu tofauti. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi Uganda tuliandika: "Ni msichana nadhifu." Wachache, hasa wale waliokua wakitazama filamu za Marekani, waliandika: "Ni msichana mwerevu." Mwenzetu mmoja akaandika: "Ni msichana mjanja," darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakusema nani amepata na nani amekosa. Alisema tu, "Nendeni mkalitafute neno hili lilikotoka, ndipo mtajua kwa nini mmegombana." Kisha akafuta ubao.

Mimi sikucheka siku ile. Neno "smart" na mimi tuna deni la zamani, na insha hii ni jaribio langu la kulilipa.

Nilisoma shule ya msingi ya serikali huko Busoga, si mbali na mji wa Jinja. Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, kwa hiyo wazazi wetu hawakulipa karo, lakini sare ilibaki kuwa mzigo wa mzazi. Gauni langu lilikuwa limevaliwa na dada zangu wawili kabla halijanifikia. Lilikuwa safi, kwa sababu mama hakuwa na mchezo na sabuni, ila mkono wa kushoto ulikuwa umechanika pale begani. Jumatatu moja, nikiwa darasa la tano, mwalimu wa zamu alipita mistarini kukagua kucha, nywele, viatu na sare. Alipofika kwangu akalivuta gauni kwa ncha ya fimbo, akasema kwa Kiingereza kwamba mimi si "smart". Nikatolewa mbele pamoja na wengine, tukachapwa viboko viwili viwili.

Wiki ile ile tulipata mgeni kutoka Marekani, mama mmoja mwenye sauti ya upole. Aliingia katika kipindi cha hisabati, akaandika swali la sehemu ubaoni, akauliza nani anaweza kulifanya. Niliinua mkono, nikaenda, nikalifanya. Akapiga makofi na kusema kwa sauti kwamba mimi ni "very smart". Darasa lote lilicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Nikautazama mkono wa gauni langu. Jumatatu nilichapwa kwa kutokuwa "smart", na leo mgeni ananisifu kuwa "smart" nikiwa na gauni lile lile. Niliona maana moja tu: ananidhihaki. Nilirudi kwenye dawati, na mpaka muhula unakwisha sikuinua mkono tena.

Ilipita miaka zaidi ya kumi kabla sijajua kwamba yule mama alikuwa amenisifu kweli. Sifa ilisemwa darasa la tano, ikanifikia chuo kikuu. Swali langu katika insha hii ni hili: imekuwaje neno moja litumike kumchapa mtoto Jumatatu na kumsifu Alhamisi, na wote wawili waliolitumia wawe sahihi kwa Kiingereza chao?

Tuanze kule neno lilikozaliwa. Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa kabla Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kulikuwa na kitenzi "smeortan", ambacho maana yake ilikuwa kuuma, kuwasha, kutoa maumivu. Kivumishi chake, "smeart", kilieleza kitu kinachochoma au kinachosababisha uchungu. Hapakuwa na habari ya mavazi wala ya akili. Ndugu wa neno hili katika lugha za jirani bado wanaishi na maana ile ile ya ukoo: Wajerumani husema "Schmerz" wakimaanisha maumivu, Waholanzi husema "smart" wakimaanisha uchungu au majonzi, na Waswidi husema "smärta". Hata Kiingereza cha leo hakijalitupa asili hilo kabisa. Kama kitenzi, "smart" bado ni kuwasha: sabuni ikiingia machoni, au spiriti ikimwagwa juu ya kidonda, Mwingereza atatumia kitenzi hicho.

Waandishi wakubwa wa Kiingereza walilijua neno hili kwa maana hiyo. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alimchora katika utangulizi wa Canterbury Tales mkuu wa watawa mwenye huruma nyingi kwa vijibwa vyake. Mama huyo alikuwa akilia mtu akimpiga kijibwa kimoja kwa fimbo kwa namna ya kuumiza, na neno alilolitumia Chaucer kueleza namna hiyo ni lile lile, kwa tahajia ya wakati wake. Miaka ipatayo mia mbili baadaye, katika tamthilia ya Hamlet, William Shakespeare alimfanya mfalme muuaji anong'one peke yake kwamba maneno aliyoyasikia yameipiga dhamiri yake kama mjeledi, na sifa anayoupa mjeledi huo ni "smart".

Niliposoma sehemu hizo mbili nilifunga kitabu nikacheka peke yangu maktabani. Fimbo kwa Chaucer, mjeledi kwa Shakespeare! Basi mwalimu wa zamu, bila kujua, alikuwa amenirudisha kwenye asili ya neno. Alitaka niwe "smart" kwa maana ya karne ya 18, akanipa "smart" ya karne ya 11.

Lakini maana haikusimama hapo. Pigo linalouma sana kwa kawaida ni pigo la haraka na la nguvu. Kwa njia hiyo, kuanzia karibu mwaka 1300, neno likaanza kubeba pia wazo la wepesi na nguvu: mwendo wa kasi, kitendo kisicholegea. Kutoka wepesi wa mkono na mguu likahamia wepesi wa ulimi. Jibu linalotolewa haraka na kumchoma mtu likaitwa "smart". Kutoka ulimini halikuwa na safari ndefu kufika kichwani, na katika karne ya 17 tayari lilitumika kumsifu mtu anayeelewa na kujifunza upesi. Hata hivyo uchungu wa zamani haukuisha katika maana hii. Mzazi wa Marekani akimwambia mtoto asijifanye "smart" mbele yake, hamkatazi kuwa na akili, anamkataza ufidhuli. Sisi tungesema, "Usiniletee ujuaji."

Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, maana aliyoitanguliza chini ya kivumishi hiki ilikuwa ile ya ukali na maumivu, ndipo zikafuata nguvu, wepesi na uchangamfu wa akili. Kwa hiyo miaka 250 na ushee tu iliyopita, mtunga kamusi mashuhuri kuliko wote wa Uingereza bado aliuona uchungu kuwa mzizi wa neno.

Maana ya mavazi ndiyo iliyokuja nyuma. Ilianza kuonekana mapema katika karne ya 18: mtu mchangamfu na mwepesi huonekana pia amejipanga, nguo zimemkaa, hakulegea. Mwishoni mwa karne ya 19 maana hii ilipanda daraja. Watu wa tabaka la juu la London, wenye karamu na mitindo mipya, wakaitwa kwa jina lililowataja kama kundi la watu "smart". Huko New York jarida lenye jina The Smart Set likaanzishwa mwaka 1900, na jina lake liliweza kusomwa kwa njia zote mbili: la watu wa mitindo, au la watu wa akili. Baada ya hapo ndugu hawa wawili wakaachana kidogo. Marekani, maana ya akili ikawa ndiyo ya kwanza kumjia msikilizaji. Uingereza, maana ya unadhifu ikabaki na nguvu sana, na ndiyo iliyopanda meli pamoja na Waingereza waliokuja kututawala.

Hapa ndipo historia ya neno inapoingia katika historia yetu. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na ya Kati na kuunda jeshi la King's African Rifles, maarufu kwa herufi KAR. Batalioni ya nne ilikuwa ya Uganda. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kawaida ya askari wake, na ndiyo maana kwa wazee wengi wa Uganda Kiswahili kilikaa muda mrefu kikinukia bunduki. Babu yangu mzaa baba alijiunga na batalioni hiyo katika miaka ya 1950, akakaa kambini Jinja mpaka karibu na uhuru wa mwaka 1962. Kiswahili alichokileta nyumbani kilikuwa cha kambini, chenye sarufi aliyoipanga mwenyewe, na ndani yake maneno machache ya Kiingereza yalikuwa yamekwama kama kokoto katika mchele. Moja lilikuwa "smati".

Kwa babu, "smati" haikuwa nguo peke yake. Askari "smati" alipiga saluti kwa pigo moja lisilotetereka, aligeuka kwa kasi, alijibu upesi, na suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Leo najua kwamba babu alikuwa amehifadhi maana tatu za neno kwa pamoja: wepesi, ukakamavu na unadhifu. Gwaride la jeshi la Waingereza ndilo lililokuwa ghala la maana hizo, kwa sababu huko neno hilo lilisemea mwendo wa askari na vifungo vya koti lake pia.

Kutoka kambini tuende shuleni. Shule za bweni za wamisionari zilizotangulia Uganda, kama Namilyango iliyoanzishwa mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905 na Budo mwaka 1906, zilifuata kwa sehemu kubwa taratibu za shule za Uingereza, na shule nyingine nyingi zikaziiga hizo. Mpaka leo sisi Uganda mkusanyiko wa asubuhi shuleni tunauita "parade", neno la kijeshi waziwazi. Wanafunzi husimama kwa mistari, hukaguliwa, huimba wimbo wa taifa, kisha huingia madarasani wakipiga hatua. Kwa maoni yangu, ni katika ukaguzi huo, wa kambini na wa shuleni, ambapo neno "smart" lilijipenyeza katika masikio ya Waafrika wengi. Lilisikika pale ambapo mwenye mamlaka alisimama mbele ya asiye na mamlaka akamtazama kuanzia unyayo hadi utosi. Katika mazingira hayo lisingeweza kumaanisha akili. Nani hukagua akili kwa kutazama kola?

Matokeo yake tunayaona kila siku. Ukimwambia mtu wa Kampala kwamba ni "smart", atashukuru na kunyoosha shati lake. Kwenye ripoti yangu ya mwisho wa muhula ule wa darasa la tano, chini ya alama za masomo, kulikuwa na sehemu ya tabia. Usafi, nidhamu, kuwahi, na "smartness". Katika hisabati nilikuwa nimepata 88. Katika "smartness" niliandikiwa kwamba napaswa kujitahidi zaidi. Mtu wa Boston akiisoma ripoti ile angedhani walimu wangu wamechanganyikiwa: mtoto wa kwanza katika hisabati anaambiwa aongeze akili!

Wakati sisi tukikaguliwa kola, neno lenyewe lilikuwa likianza safari nyingine, safari ya kuingia katika vyuma. Mwaka 1972, katika vita vya Vietnam, Wamarekani walitumia mabomu yaliyoongozwa kwa mwali wa leza hadi kwenye shabaha, na mabomu hayo yakaitwa "smart". Ni jambo la kutafakari kwamba kitu cha kwanza kisicho na uhai kupata umaarufu kwa sifa hii kilikuwa kitu cha kuumiza. Mwaka 1974 Mfaransa Roland Moreno alisajili hataza ya kadi yenye kumbukumbu ya kielektroniki ndani yake. Waingereza wakaiita kadi ya aina hiyo "smart", ilhali Wafaransa waliiita kadi ya kiroboto, kwa kuangalia udogo wa kile kidude chake. Mwaka 1994 kampuni ya IBM ilianza kuuza simu iliyoitwa Simon, yenye skrini ya kugusa, kalenda na barua pepe. Leo huhesabiwa kuwa babu wa simu tulizo nazo mifukoni, ingawa jina "smartphone" lilienea baada yake. Kisha mwaka 2013 marais saba wa Afrika, akiwemo wa Uganda, waliafikiana mjini Kigali juu ya waraka wa Smart Africa, wenye lengo la kuharakisha maendeleo ya bara kwa teknolojia ya habari. Neno lililokuwa likikagua vifungo vyetu sasa linakagua mataifa yetu.

Na hapa mtafsiri wa Kiswahili anatoka jasho. Simu hizi tuziiteje? Wengi, hasa Tanzania, husema simu janja. Wengine husema simu mahiri, na wengine hukwepa tatizo kwa kusema simu za kisasa. Kila jina lina hukumu yake. "Kisasa" husema ni mpya tu. "Mahiri" husifu ustadi, bila lawama. "Janja" lina mkia mrefu, maana mjanja wa kwanza tuliyemjua sote ni Sungura wa hadithi, mwenye akili nyingi na uaminifu mchache. Ndiyo maana darasa letu lilicheka mwenzetu alipoandika "msichana mjanja". Lakini mimi, kadiri ninavyoitazama simu yangu ikijua nilipokwenda, nilichonunua na ninachotaka kununua kesho, ndivyo ninavyoona kwamba aliyesema "janja" wa kwanza hakukosea sana.

Baada ya kufika hapa katika utafiti wangu, nilikuwa tayari nimeandaa hitimisho zuri. Nilitaka kusema kwamba Kiingereza kimechanganya mambo ambayo lugha zetu zimeyatenga kwa hekima. Kiswahili kina "nadhifu" na "mtanashati" kwa mwonekano, kina "mwerevu" na "mwenye akili" kwa ubongo, kina "mjanja" kwa hila, na kina "mwepesi" na "mkakamavu" kwa mwendo. Kiganda nacho hutenga: usafi ni "obuyonjo", akili ni "amagezi". Hakuna Mganda anayeweza kumchapa mtoto kwa kukosa "obuyonjo" kisha mwingine akamsifu kwa "amagezi" na mtoto akadhani ni jambo moja. Kosa lote, nilitaka kusema, ni la Kiingereza.

Nilipomweleza rafiki yangu wa bwenini, anayetoka Mwanza, aliniuliza swali moja lililoharibu hitimisho langu: "Na neno 'kali' je?"

Nilikaa kimya. Kisu kikali hukata. Pilipili kali huwasha. Jua kali huchoma, na mafundi wa Kenya wanaofanya kazi chini ya jua hilo wameipa sekta yao nzima jina la jua kali. Maneno makali huchoma moyo, sawa na mjeledi wa yule mfalme wa Shakespeare. Lakini sikiliza vijana: yule ni mkali wa hisabati, maana yake ni bingwa. Wimbo ule ni mkali, maana yake ni mzuri mno. Amevaa pamba kali, maana yake amependeza kwa nguo. Bila kumwomba Mwingereza ruhusa, Kiswahili kimetembea barabara ile ile: kutoka ncha inayochoma, hadi kichwa kinachofanya kazi, hadi shati linalovutia macho. Waingereza walitumia karne nyingi. Vijana wa mijini wametumia muda mfupi zaidi, nao wamefika.

Basi kosa si la Kiingereza. Inaonekana binadamu, kokote alipo, huliona jambo linalomgusa kwa nguvu kuwa na ncha, liwe ni kisu, ni wazo au ni vazi. Hilo ni jambo la kawaida katika lugha na halina ubaya. Ubaya huanza pale mtu mwenye fimbo anapoichukua maana moja na kuifanya kipimo cha nyingine. Katika shule yangu, neno la mwonekano lilikuwa limekaa katika ripoti pamoja na alama za masomo, na sisi watoto tulijifunza somo ambalo halikuandikwa ubaoni: kwamba mwenye sare nzima ndiye mwanafunzi mzuri. Niliinua mkono wa gauni lililochanika, darasa likacheka, na aliyecheka hakuwa mwovu. Alikuwa ameelewa somo.

Wahenga wa Kiswahili walilionya jambo hili zamani waliposema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chombo kimepambwa nje, ndani ni mti mtupu. Methali hii hatuifundishi ili watoto wawe wachafu. Tunaifundisha ili mkaguzi akumbuke kwamba jicho lake linaishia kwenye ganda.

Katika kufanya insha hii nimefikia mapendekezo mawili madogo kwa wenzangu tunaojifunza Kiswahili na tafsiri. Kwanza, tunapokutana na neno "smart" tusikimbilie kamusi kabla ya kuuliza nani anasema, wapi, na anatazama nini. Kamanda anayetazama gwaride anasema habari ya ukakamavu na unadhifu. Mwalimu wa Chicago anayetazama daftari anasema habari ya werevu. Mwuza simu anasema habari ya kompyuta ndogo. Muuguzi anayesafisha kidonda anasema habari ya maumivu. Pili, wale kati yetu watakaokuwa walimu, na ni wengi, tuandike katika ripoti za watoto neno tunalolimaanisha. Kama ni usafi, tuandike usafi. Kama ni sare, tuandike kwamba sare imechanika, na ikiwezekana tuulize kwa nini. Sheria ya watoto ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2016 imepiga marufuku viboko shuleni, kwa hiyo maana ya kwanza kabisa ya neno "smart" haina tena ruhusa ya kuingia darasani. Iliyobaki ni ile ya kuchapa kwa maneno, nayo haihitaji sheria kuiacha.

Nimalizie na babu, kwa sababu naye yumo katika historia ya neno hili. Jioni ya Jumatatu ile nilirudi nyumbani nikiwa na alama za fimbo miguuni. Babu aliniuliza, nikamweleza. Hakugomba. Aliingia ndani, akatoka na kifuko cha turubai alichopewa jeshini, ambamo kila askari aliweka sindano, uzi na vifungo vya akiba. Akavaa miwani, akaliweka gauni langu magotini, akaanza kushona kwa mishono midogo iliyonyooka kama askari mstarini. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akaniambia kwa Kiswahili chake cha KAR: "Mjukuu yangu, nguo ndiyo imepasuka. Kichwa hapana pasuka."

Wakati ule nilidhani ananifariji tu. Sasa naona kwamba mzee yule, ambaye hakuwahi kuingia darasa la tafsiri, alikuwa ametenganisha maana mbili za neno "smart" kwa sentensi mbili fupi, kwa sarufi mbovu na kwa usahihi kamili. Laiti ningemwelewa, ningeinua mkono tena kabla muhula haujaisha.